Kuni Mbichi

Majira ya baridi yale, Chiatura haikuwa na umeme.
Vibehewa vya waya vilining'inia juu ya bonde, vitupu,
na mto ulipita chini yake, mweusi kwa vumbi la machimbo.
Kila mtoto alikuja shule na daftari kwapa hili
na ukuni kwapa lile.

Jiko la chuma lilikaa mbele, karibu na meza ya Mwalimu Guliko.
Dirisha la nyuma halikuwa na kioo.
Lilizibwa kwa mfuko wa nailoni uliopumua kama shavu la samaki.

Siku ya tatu alitupanga.
"Kuni kavu, huku," akasema, akatuita kwa majina:
Pikria, mimi, watoto wawili wa mfamasia.
"Kuni mbichi, kule. Mkitiwa motoni mnatoa moshi tu."
Tulicheka. Ilikuwa tamu kucheka
mgongo ukipata joto.

Malkhazi alikaa chini ya mfuko ule.
Aliandika amevaa glavu.
Mwalimu aliinua daftari lake tulione sote:
"Mwandiko wa dubu."
Hakuna aliyezitaja glavu.

Baadaye hata neno halikuhitajika.
Akimtazama tu, darasa zima lilianza kucheka
kabla hajafungua kinywa,
naye akajifunza kutokifungua.

Nikikosea mimi: "Umechoka, mwanangu."
Akipatia yeye: "Nani kakunong'oneza?"

Asubuhi moja aliangalia rundo kando ya jiko
akasema, kama anayeongea na buti zake,
"Zitaisha kabla ya Jiografia."
Kuni kumi na moja, kila ukuni robo saa,
ongeza kidogo kwa ule wa mwaloni, unaokufa polepole.
"Moshi huo," alisema mwalimu.
Jiografia tuliisoma ndani ya makoti,
tukitaja mito ya Amerika kwa midomo inayofuka mvuke.
Hakuna aliyegeuka nyuma kumtazama.
Hesabu, kwetu, ilikuwa kitu kinachotokea mbele.

Na mimi? Nani anauliza habari za ukuni mkavu?
Nilikoma kunyoosha mkono nisipokuwa na hakika.
Swali jipya nililiogopa kama tone la maji.
Usiku nilikariri kwa mshumaa hata nisichokielewa,
nisije nikaonekana nimelowa.

Kuna jambo nililitazama kila siku nisilione.
Kuni zilizofika zimelowa theluji, mwalimu hakuzitupa.
Alizipanga mwenyewe, mmoja mmoja, ubavuni mwa jiko,
akazigeuza kwa ncha ya kiatu huku akitusomea imla,
na ikifika saa tano zilikuwa zinavuma motoni.
Alijua.
Mikono yake ilijua, miguu yake ilijua.

Malkhazi aliacha shule darasa la saba.
Wengine wanasema yuko Ugiriki, anapaka rangi nyumba za watu;
wengine, bandarini Poti.
Sijauliza kwa bidii.

Sasa mwalimu ni mimi. Chumba ni kilekile,
joto linatoka ukutani, halichagui dawati.
Septemba nilikabidhiwa rejista,
na kando ya majina manne palikuwa na nukta za penseli.
Hakuna aliyenieleza maana yake. Sikuhitaji kuelezwa.
Nilizifuta kwa raba siku hiyohiyo.
Karatasi imebaki na vishimo:
ukipitisha kidole, unavihisi.

Leo ni wiki ya pili.
Nimeuliza swali, mikono imenyooka,
na macho yangu yameliruka dawati la nyuma, la Rati,
kabla sijajua kwamba yameruka.